USAWA KATIKA CHUO KIKUU: NANI HUULINDA, NA KWA NJIA GANI?

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali hii tumeitia katika insha tangu shule ya msingi, na walimu wetu wakatupa alama za vema. Lakini ni nadra mtu kuuliza swali linalofuata. Huyo wa kumpa mnyonge haki yake ni nani hasa? Ana ofisi? Na akikataa kumpa, mnyonge aende wapi?

Katika makala haya nitajaribu kulijibu swali hilo kuhusu mahali ambapo wengi wetu tunapaota kila tufunguapo vitabu, yaani chuo kikuu. Chuo kikuu ni kama mji. Ndani yake mna makabila yote, dini zote, wavulana kwa wasichana, wanaoona na wasioona, watoto wa matajiri na sisi wa kuungaunga karo. Mji wa namna hiyo hauwezi kwenda kwa hisani ya watu wema peke yake. Unaendeshwa kwa sheria, kamati na taratibu. Nia yangu ni kueleza sheria hizo zilitoka wapi, zinasema nini, na kwa nini mwanafunzi wa Isiolo asingoje mpaka yamfike ndipo aanze kuzitafuta.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Hebu tazama darasa lolote la hapa mjini. Katika safu moja ya madawati utawakuta Mborana, Mturkana, Msamburu, Mmeru, Msomali, Msakuye na Mgabra. Sisi tumezoea, hata hatuoni ajabu. Lakini kumbuka hesabu hii: katika sensa ya mwaka 2019 Wakenya walikuwa zaidi ya milioni 47, na kaunti yetu nzima ilikuwa na watu 268,002 tu. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa kutoka Merti, Garba Tulla au Oldonyiro akifika chuoni, karibu kila mara atakuwa mmoja wa wachache. Huenda bweni zima lisiwe na mtu wa kuzungumza naye lugha ya mama.

Uchache huo hautokani na uvivu wa akili. Wakati wa ukoloni, upande huu wa kaskazini, uliojulikana kama NFD, ulifungwa. Kuingia na kutoka kulitaka kibali. Baada ya Uhuru, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwanza kwenye sehemu zenye rutuba na mvua, na sehemu kavu zikangoja. Zikangoja kweli! Kwa miaka mingi lami ilikomea hapa Isiolo, mpaka barabara ya Moyale ilipotengenezwa katika miaka ya 2010.

Ndiyo sababu Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 56, inaitaka serikali iweke mipango ya kuwapa walio wachache na jamii zilizoachwa nyuma nafasi maalum katika elimu na uchumi. Kifungu cha 260 kinataja waziwazi jamii za wafugaji, wawe wa kuhamahama au waliotulia mahali pamoja, kuwa miongoni mwa jamii hizo. Kwa hivyo mtu akikuambia ati unaomba upendeleo, mwambie kwa adabu asome Katiba.

Vyuo havikuzaliwa na usawa

Wengine hudhani kwamba chuo kikuu, kwa kuwa ni mahali pa wasomi, kilikuwa na haki tangu siku ya kwanza. Sivyo. Chuo cha Makerere kule Kampala, ambacho ndicho kilichowasomesha Wakenya wengi kabla ya Nairobi kupata chuo chake, kilianzishwa mwaka 1922. Wanawake hawakuingia mpaka mwaka 1945. Hata wito wake wa zamani ulikuwa na maana ya "Tuwe wanaume"! Wasichana walipoingia ilibidi wito ubadilishwe, wakachagua wenye maana ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo.

Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 1970. Mwaka uliofuata, Wangari Maathai akapata hapo shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufikia daraja hilo. Tungedhani kwamba msomi wa namna hiyo angetunzwa kama mboni ya jicho. Lakini aligundua kwamba wanawake waliofundisha chuoni hawakupata marupurupu sawa na wanaume, kama yale ya nyumba. Hoja ya wakubwa ilikuwa kwamba mwanamke aliyeolewa ana mume, na mume ndiye wa kupewa. Kazi sawa, shahada sawa, haki nusu! Maathai na mwenzake Vertistine Mbaya walilishika jambo hilo kwa miaka katika miaka ya 1970, wakiandika na kudai, mpaka mambo yakaanza kulegea.

Hata hivyo, mwaka 1982 alipojiuzulu ili agombee ubunge, alizuiwa kugombea, na aliporudi chuoni hakupokewa tena. Huyu ndiye aliyekuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Ni vizuri tuelewe kwa nini jambo kama hilo liliwezekana. Zama hizo Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Chansela wa kila chuo kikuu cha umma. Chama cha wahadhiri kilipigwa marufuku mwaka 1980, kikaja kusajiliwa tena mwaka 2003. Sasa mtu aliyeonewa angekwenda wapi? Mlango wa juu ulikuwa wa mkubwa yuleyule, na chama cha kumtetea hakikuwako. Funzo ninalolipata hapa ni kwamba haki haiji kwa elimu ya wakubwa. Huja pale ambapo mamlaka yamegawanywa na mlalamishi ana pa kukimbilia.

Nani huketi wapi

Leo vyuo vikuu vinaongozwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Juu kabisa kuna Baraza la Chuo, ambalo huajiri, hupanga fedha na kupitisha sera. Chini yake Naibu Chansela huendesha kazi za kila siku, na Seneti husimamia masomo na mitihani. Nje ya chuo, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu hukagua viwango vya vyuo vyote, navyo nafasi za wanafunzi hugawanywa na KUCCPS, iliyochukua mahali pa ile JAB ya zamani. Sheria hiyo inavitaka vyuo vikuze uwiano wa kijinsia na nafasi sawa kwa wanafunzi na wafanyakazi.

Kuhusu viti vyenyewe, Kifungu cha 27 cha Katiba kinasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Tupige hesabu kidogo. Kamati ikiwa na watu 9, wanaume wasizidi 6, na wanawake vilevile wasizidi 6. Wavulana wenzangu wengine husema kanuni hii ni ya wasichana. La, ni ya jinsia yoyote iliyozidiwa.

Hata serikali ya wanafunzi imefikiwa. Marekebisho ya mwaka 2016 yalitaka mwenyekiti na makamu wake wawe wa jinsia tofauti, na nafasi tatu zitengwe kwa ajili ya mahitaji maalum ya wanafunzi. Isitoshe, wanafunzi wa kila idara wawachague wawakilishi, na wawakilishi hao ndio wapige kura ya viongozi, ili kabila kubwa lisifagie viti vyote. Wako waliolalamika kwamba kwa njia hii wapiga kura ni wachache na ni rahisi kuhongwa. Malalamiko hayo yana uzito. Dawa ya ugonjwa mmoja huweza kuleta mwingine, na mgonjwa mwerevu hasiti kumrudia daktari.

Tumeanza kuona matunda. Mwaka 2006 Profesa Olive Mugenda alikabidhiwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, akawa mwanamke wa kwanza kuwa Naibu Chansela wa chuo kikuu cha umma nchini.

Mlango wa kuingilia

Hapa ndipo mabishano ya vijana huwa makali. Makerere ilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana alama moja na nusu wanapoomba nafasi. Kenya nayo, wakati wa JAB, kwa miaka mingi iliwapunguzia wasichana alama za kuingilia. "Ati mtihani ni mmoja, mbona alama ziwe mbili?" huuliza wavulana. Ni swali la haki, nalo linastahili jibu badala ya kelele.

Jibu ni kwamba mtihani ni mmoja, lakini njia ya kuufikia si moja. Msichana aliyekuwa akiamka alfajiri kuchota maji, au aliyenusurika kuozwa, hajakimbia mbio zilezile na aliyesomea taa ya umeme. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 27, inaitaka serikali ichukue hatua za kufidia hasara waliyopata watu kwa ubaguzi wa zamani. Hoja hiyohiyo humfaa mvulana aliyechunga ngamia likizo nzima huku shule yake haina maabara. Kwa hiyo, wavulana wa kaskazini, tusiikate tawi tulilokalia! Ila na tukubali jambo moja: hatua ya namna hii ni ngazi, na siku ukuta utakapobomoka ngazi iondolewe.

Kanuni moja, mizigo tofauti

Kuna ubaguzi ambao hauna kelele. Kanuni huandikwa kwa wote sawasawa, lakini ikifika chini humlemea mmoja kuliko mwingine. Majirani zetu Watanzania waliliona hili mapema. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kwamba waliomaliza sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Nia ilikuwa njema, na kanuni haikutaja jinsia. Lakini wasichana walipungua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwani katika miaka hiyo ya kungoja wengi waliolewa na kuanza kulea. Mwaka 1976 wasichana wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja.

Nasi tunao mfano wetu, hapahapa Isiolo. Walimu wetu bila shaka wanaikumbuka kesi ya hijabu ya Shule ya Sekondari ya St. Paul Kiwanjani. Kanisa la Methodist, ambalo ni mfadhili wa shule hiyo, lilisema kwamba sare ni moja, na kuliruhusu kundi moja livae tofauti ni kuwabagua wengine. Mzazi mmoja naye akasema kwamba sare hiyo moja inamlazimu binti Mwislamu achague kati ya dini yake na masomo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikubaliana na kanisa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikageuza hukumu, ikasema wasichana hao waruhusiwe. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ya Rufaa, na sababu yake kubwa ilikuwa ya utaratibu: dai la mzazi halikuingizwa mahakamani kwa njia iliyofaa. Mlango wa kufungua kesi upya ukaachwa wazi.

Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki, maana wasomaji wa gazeti hili wako pande zote mbili na wote ni wenzangu. Ninachotaka tukione ni kwamba safari ya miaka kadhaa, yenye hoja nzito za dini na usawa, ilikwama kwa sababu ya njia iliyotumiwa. Haki bila utaratibu ni kama maji bila mtungi.

Kabila, ulemavu na usalama

Aidha, kuna suala la kazi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza shirika la umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Chuo chenye wafanyakazi 600 kisiwe na zaidi ya 200 wa kabila moja. Lakini Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano ilipokagua vyuo vya umma, ripoti yake ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba jamii tano kubwa zilishika zaidi ya asilimia 90 ya kazi. Mwenye chuo kijijini kwake alikifanya shamba la ukoo! Sheria ilikuwako, lakini macho ya kuisimamia yalisinzia.

Kwa upande wa ulemavu, sheria ya mwaka 2003 ilikataza taasisi ya elimu kumnyima mtu nafasi kwa ajili ya ulemavu ikiwa ana uwezo wa kusoma, na ikataka mahitaji yake yafikiriwe katika masomo na mitihani. Mwaka 2025 ikatungwa sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Lakini ngazi za ghorofa hazisomi sheria. Mwenye kiti cha magurudumu akipangiwa mhadhara ghorofa ya tatu pasipo lifti, amenyimwa elimu hata kama jina lake limo katika orodha.

Jambo jingine, ambalo watu hulisema kwa kunong'ona, ni mhadhiri kumtaka mwanafunzi kimapenzi ili ampe alama. Tusinong'one. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema kwamba mwenye mamlaka anayemsumbua mtu kimapenzi mara kwa mara, akijua hatakiwi, amefanya jinai. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Angalia maneno hayo "mara kwa mara". Yanamaanisha kwamba ushahidi unahitajika, kwa hivyo ujumbe wa simu usifutwe, na tarehe ziandikwe. Sheria hii humlinda mvulana pia.

Na tusisahau Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi walivamia chuo kile, wakawatenga wanafunzi kwa dini zao, wakaua watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Chuo kilifunguliwa tena mwaka 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Walioua walitaka Mwislamu na Mkristo wasisome tena chumba kimoja kaskazini. Kila siku darasa linapoendelea pale, nia yao imeshindwa. Kwetu sisi, kuishi pamoja si mapambo ya hotuba. Ni uhai.

Mlalamishi afuate njia gani?

Sasa turudi kwa mnyonge wetu. Amefika chuoni, ameonewa. Afanye nini?

Kwanza, aandike. Tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa, na waliokuwako. Neno la mdomo hupeperuka, karatasi hubaki.

Pili, asome kanuni za chuo chake, hasa kitabu wanachopewa wageni wiki ya kwanza. Wengi hukitupa chini ya kitanda. Humo ndimo mlimoandikwa malalamiko hupelekwa kwa nani, kama ni mlezi wa wanafunzi, mkuu wa idara au kamati ya jinsia.

Tatu, kama ni yeye anayeshtakiwa, akumbuke Kifungu cha 47 cha Katiba. Uamuzi wa ofisi ya umma unaoathiri haki yake ni lazima uwe wa haki, na ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kufukuzwa kwa neno la mdomo hakutoshi.

Nne, akitaka habari, kwa mfano hesabu ya wafanyakazi kwa jinsia, aombe kwa barua. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu.

Tano, chuo kikiziba masikio, kuna tume za nje: ya haki za binadamu, ya jinsia na usawa, na ile ya haki za utawala inayopokea malalamiko dhidi ya maofisa wa umma. Mahakama iwe ya mwisho, na hapo amtafute wakili mapema, ili asije akapoteza haki kwa kukosea mlango.

Tamati

Mpenzi msomaji, nadhani sasa jibu la swali letu limeanza kuonekana. Wa kumpa mnyonge haki yake ni Baraza, Seneti, tume na mahakama, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachomfuata bwenini kumwuliza ana shida gani. Wanawake waliofundisha Nairobi walidai kwanza ndipo wakasikika. Mzazi wa Isiolo alikwenda mahakamani ndipo nchi nzima ikaanza kujadili.

Shime basi, wenzangu! Tuanze mazoezi hapahapa shuleni. Viranja wetu wakichaguliwa, tuhesabu thuluthi mbili kama imetimia. Sheria mpya ya shule ikibandikwa ubaoni, tuulize kwa heshima inamlemea nani zaidi. Na walimu wetu waheshimiwa, tunaomba mwaka huu Chama cha Kiswahili kiwe na mjadala juu ya hoja ya alama za wasichana. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumaliza miaka minne chuoni bila kujua ofisi ya malalamiko iko ghorofa gani.

Wasalaam.